Risala ya Kamati ya Maoni na Malalamiko, Mathare, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, uliye mkurugenzi wa shirika la misaada linalotuhudumia, chifu wetu, wazee wa mtaa na viongozi wa Nyumba Kumi, wahudumu wa afya ya jamii, wachungaji na maimamu, mwalimu mkuu uliyetupa ukumbi, na ninyi wakazi wenzetu mliofunga vibanda siku ya Jumamosi, siku ya mauzo, mkaja kuketi nasi: hamjambo nyote! Itifaki ikiwa imezingatiwa, naomba nisome risala hii kwa niaba ya wanakamati wenzangu.

Kwanza, karibu Mathare, mtaa wetu hapa Nairobi. Wageni wengi wanaoletwa hapa na magari ya mashirika huja kutazama na kukabidhi. Wewe tulikuomba uje ujibu maswali. Ukakubali, wala hukudai kuyaona maswali kwanza. Jambo hilo limetutia moyo sana, na ndiyo sababu risala hii haitakuwa ya shukrani peke yake.

Sisi ni kamati ya maoni na malalamiko. Tuko kumi na wawili, wanawake saba na wanaume watano, na tulichaguliwa kwa mlolongo katika uwanja wa shule hii, kila mkazi akisimama nyuma ya anayemwamini. Hatulipwi mshahara. Kazi yetu ni kupokea neno la mkazi kuhusu msaada unaotolewa hapa, kulifikisha kwenu, na kumrudishia jibu. Kupokea tumeweza. Kufikisha tumeweza. Kurudisha jibu ndiko kulikotushinda.

Mheshimiwa mgeni rasmi,

Kamati hii ilizaliwa na maji. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 2024, Mto Mathare ulifurika ukaingia majumbani, watu wakapanda juu ya mabati na watoto mgongoni. Kulipokucha, aliyekuwa na kitanda hana, aliyekuwa na kitambulisho hana, na simu nyingi zilikuwa zimezama kwenye tope. Mwezi wa Mei likatoka agizo la serikali kwamba wanaoishi ndani ya mita 30 kutoka ukingo wa mto wahame, na tingatinga zikafuata. Kuna familia ambazo maji yaliziachia kuta, kisha kuta zenyewe zikabomolewa. Tulilala madarasani na makanisani.

Msaada ulikuja, na hatutausahau. Walikuja watu wa Msalaba Mwekundu, yakaja makanisa na misikiti, wakaja majirani waliobeba chapati kwenye beseni. Wapo hapa watoto walio hai kwa sababu ya blanketi na dawa za wiki ile. Lakini turuhusu tukueleze kisa cha maharagwe, kwa maana ndicho kilichotufundisha kazi hii.

Darasa tulilolala lilikuwa na familia kumi na moja. Wahisani fulani wakatuletea maharagwe makavu, aina ya nyayo, masafi, yasiyo na jiwe hata moja, kila familia gorogoro mbili, yaani mikebe miwili ya kupimia. Maharagwe makavu yanaweza kukaa motoni saa mbili, hata tatu. Majiko yetu yalikuwa yamekwenda na mto. Makaa yaliyosalia yalikuwa yamelowa, na mkebe wa makaa dukani ulikuwa umepanda bei. Sufuria ilikuwa moja kwa familia tatu. Basi akina mama wakafanya lililowezekana: walipanda hadi Juja Road, wakamuuzia mama wa githeri maharagwe yale kwa nusu ya bei, wakarudi na unga, sukuma wiki na paketi za maziwa. Watoto wakala usiku huohuo. Siku ya pili neno likazagaa kwamba watu wa Mathare wanauza msaada, kwa hivyo hawana shida. Mgao uliofuata haukufika darasani kwetu.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Aliyenunua maharagwe yale aliyanunua kwa moyo safi. Ila kati yake na akina mama wale kulikosekana mtu wa kuuliza swali moja: mtapikia nini? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na aliyelala juu yake alikuwa hapo hapo, macho yapo, kinywa kipo, hakuulizwa.

Mashirika yenyewe yaliliandika jambo hili zamani. Kanuni za maadili za Msalaba Mwekundu na mashirika yasiyo ya kiserikali za mwaka 1994 zinasema anayetoa msaada anawajibika kwa pande mbili: kwa wanaosaidiwa, na kwa wale anaopokea mali kutoka kwao. Mwaka 2014 kikatolewa kiwango cha kimataifa cha ubora na uwajibikaji katika huduma za kibinadamu, chenye ahadi tisa, na mojawapo ni kwamba malalamiko ya jamii yanakaribishwa na yanashughulikiwa. Kijana wetu mmoja alizigeuza ahadi hizo katika lugha ya mtaani, akazisoma kwa sauti pale kwenye bomba la maji. Mzee mmoja aliyekuwa amesimama na mtungi wake akauliza haya yaliandikwa lini. Alipojibiwa, aliuweka mtungi chini akaomba yasomwe tena. Katiba yetu ya 2010 nayo, kifungu cha 35, inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na hata zilizo mikononi mwa mtu mwingine, ikiwa anazihitaji ili kulinda haki yake. Kwa hivyo tunapouliza orodha ya wanaopewa msaada ilitengenezwaje, hatujavuka mpaka.

Mheshimiwa mgeni rasmi,

Tuzungumze sasa kuhusu sanduku. Mei ile ya mafuriko, maafisa wako walipigilia sanduku la maoni kwenye ukuta wa ofisi ya chifu. Lilikuwa zuri, la mbao, na kufuli. Ufunguo ulikaa ofisini kwenu. Ripoti zikaandikwa kwamba jamii imewekewa njia ya kutoa maoni, na kwa kuwa hakuna aliyekuja kulifungua, ikachukuliwa kwamba hatuna neno. Lilifunguliwa Desemba, mbele yetu. Ndani mlikuwa na vikaratasi sita, vitano vimeliwa na unyevu. Cha sita kilikuwa cha mama mmoja wa Mashimoni, hapa hapa Mathare. Alikuwa ameandika kwa penseli kwamba amejifungua majuma mawili yaliyopita, maziwa hayatoki, na jina lake halimo katika orodha. Tulipomfikia, mtoto alikuwa anatambaa. Mama alitupokea vizuri, akatupa viti. Hakutuuliza chochote kuhusu barua yake, na hilo ndilo lililotuumiza zaidi, kwa sababu tulielewa kwamba alikwisha kuacha kungoja.

Wengi hawakuandika kabisa. Aliyelala njaa haachi foleni ya uji aende kutafuta kalamu. Asiyejua kuandika hatamtuma jirani aandike malalamiko yanayomhusu jirani huyohuyo. Na nani atasimama mbele ya ofisi ya chifu, mchana, akitumbukiza karatasi, wakati waliotengeneza orodha wanamtazama?

Ndipo tukaomba turuhusiwe kujaribu njia nyingine. Tulinunua kauntabuku, daftari kubwa la jalada gumu. Kila Jumamosi asubuhi wanakamati wawili wanakaa karibu na bomba la maji, kwa sababu hapo kila nyumba lazima ifike, na kila Jumatano jioni wengine wawili wanapita kwa wasioweza kufika: wagonjwa, wazee, na wenzetu wanaotembelea magongo, ambao mgao ukifanyiwa juu kule barabarani wanaushuhudia kwa macho tu. Tunaandika wanavyosema, kwa lugha wanayosema. Kitabu kina safu nne: siku, neno lenyewe, nani anapaswa kujibu, na jibu lilirudi lini.

Tulijifunza mengi humo. Tulijifunza kwamba mkazi hatofautishi mkono mmoja wa msaada na mwingine. Serikali ilipotangaza shilingi 10,000 kwa familia zilizoathirika na mafuriko, tuliulizwa sisi kila siku zitatoka lini, ingawa hazikuwa zetu wala zenu. Tulitafuta la kujibu, kwa kuwa uvumi ukiachwa hujaza pengo kabla ya jioni. Tulijifunza pia kwamba ujumbe wa simu ulioandikwa kwa Kiingereza, uliotumwa kwa laini iliyozama mtoni, hauwezi kuhesabiwa kuwa taarifa. Na tulijifunza kuhusu wapangaji. Wengi wetu hapa ni wapangaji, lakini orodha za kwanza ziliandikwa kwa kuuliza wenye nyumba, na baadhi yao wakaandika jamaa zao wanaoishi kwingine. Tulipoomba majina yasomwe hadharani kabla ya mgao, mbele ya majirani wanaojuana, orodha ilijisahihisha yenyewe kwa adhuhuri moja. Hatukuhitaji mtaalamu. Kumbukeni mtaa wa Kibra, hapa Nairobi: Aprili 2020 watu walikanyagana na kuumia wakigombea chakula cha msaada. Asiyejua kama jina lake limo au halimo hana budi kusukuma.

Kuna jambo ambalo halimo katika kauntabuku, nalo nitalisema polepole. Wapo wanawake waliotwambia kwamba waliombwa mwili ili majina yao yaingie kwenye orodha. Mambo haya si mageni katika kazi hii. Mwaka 2002, baada ya taarifa za kutisha kutoka kambi za wakimbizi za Afrika Magharibi, mashirika ya kibinadamu ya dunia yaliweka kanuni inayokataza kabisa mfanyakazi kubadilishana pesa, kazi au msaada kwa ngono. Kanuni iko wazi. Mlango wa kushtaki ndio uliofichika. Malalamiko ya namna hii hayawezi kuandikwa kwenye kitabu kinachokaa bombani, wala kupelekwa kwa mtu anayekunywa chai na mshtakiwa. Tunahitaji nambari ya bure inayopokelewa na mwanamke aliyefunzwa, asiyetoka ofisi inayogawa vitu hapa, na tunahitaji kila mkazi aijue kwa moyo. Leo, mgeni wetu, ukitoka nje umuulize mama yeyote nambari hiyo, hataijua. Tunakuomba jambo hili lisingoje bajeti ya mwaka ujao.

Mheshimiwa mgeni rasmi,

Katika barua zenu mnatuita walengwa. Tunajua hamkulitunga neno hilo ninyi. Lakini anayelengwa husimama tu akangojea kitakachompata. Ninyi mnajiita shirika, na shirika limetoka kwenye kushirikiana. Tungependa kuitwa kwa neno lililo karibu na hilo lenu. Hata wakazi tu linatosha.

Maombi yetu si mengi, na machache yanahitaji fedha. Kabla ya mgao wowote, kibandikwe ukutani kwa Kiswahili rahisi kinacholetwa, kiasi gani, kwa akina nani, na kwa nini hao. Kila neno lililoandikwa katika daftari lipate jibu ndani ya siku kumi na nne. Hatudai kila jibu liwe ndiyo. Mkazi akiambiwa haiwezekani, na akaambiwa kwa nini, hukasirika siku moja, kesho yake anapanga jambo jingine. Asipoambiwa kitu, anakaa na matumaini yanayomzuia kujipangia. Wanakamati wanaopita kwa wagonjwa wapewe pesa za simu, kwani sasa tunajichangia. Picha za watoto wetu zisipigwe bila ruhusa ya wazazi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inatulinda kama inavyowalinda wa mitaa mingine.

Tena, mkiondoka mtuage. Mwanzoni mwa 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi nchini ilifungwa ghafla, na watu wakajua siku walipofika mlangoni wakakuta kufuli. Tunafahamu kwamba si kila pigo linatabirika. Lakini anayejua mwezi mmoja mapema kwamba fedha zinaisha, na asiwaambie wanaozitegemea, amewanyima mwezi wa kujiandaa.

Tunakiri pia kwamba nasi tumekosea. Kuna miezi miwili tuliyoacha kupita nyumba za ng'ambo ya mto kwa sababu ya mvua, na wakazi wa huko walitulaumu mbele ya mkutano. Walikuwa na haki. Lawama yao imo ndani ya kitabu, ukurasa wake, na jibu letu limeandikwa kando yake pamoja na tarehe.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kauntabuku iko mezani mbele yako. Kurasa ambazo safu ya nne bado ni tupu tumeziwekea uzi mwekundu. Wengi wa waliosema maneno hayo wameketi ukumbini humu, na wamekubali wasomewe majibu yao kwa sauti. Tumekuwekea kalamu. Karibu uanze na ukurasa wowote.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Ni sisi, wanakamati wa maoni na malalamiko, Mathare, Nairobi.
Imesomwa na katibu wa kamati.