Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Usindikaji wa Vyakula na Vinywaji, Arusha, kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi, wakufunzi wetu, wazazi na wageni waalikwa,

Itifaki imezingatiwa. Shikamooni wakubwa wetu. Karibu sana, Ndugu Mgeni Rasmi, na ahsante kwa kuitikia mwaliko wetu.

Faida ya kiwanda cha chakula wengi huitafuta ndani ya chupa au mfuko. Sisi tumefundishwa kuangalia pia kinachobaki. Pale kiwanda cha sukari cha TPC, Arusha Chini (jina lisimchanganye mgeni, ni Moshi), miwa inasagwa. Kwa kawaida tani 100 za miwa hutoa sukari tani 10 hivi. Makapi, karibu tani 30, huchomwa kwenye bwela kutoa mvuke na umeme, na molasi (sharubati nzito inayobaki) tani tatu au nne huuzwa kwa watengeneza spiriti na wafugaji. Shayiri ya Monduli na West Kilimanjaro ikishatoa bia, machicha yake yanakwenda kwa ng'ombe wa maziwa. Alizeti ikikamuliwa, mashudu yanalisha kuku. Ongeza dereva, fundi bwela, mtengeneza katoni, ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 18. Mkulima akiuza mazao ghafi, sehemu kubwa ya mnyororo huo hulipwa kwingine.

Ndugu Mgeni Rasmi, turuhusu tukae kidogo kwenye nyanya, maana matenga ya Ngarenanyuki kila mtu hapa anayajua, na bei inavyoanguka msimu ukikolea pia anaijua. Nyanya ni maji kwa asilimia 94 hivi. Kilo 100, zikishachujwa maganda na mbegu na kuchemshwa hadi ukolevu (sehemu isiyo maji) wa asilimia 28, hutoa nyanya ya kopo kilo 16 hadi 18 tu. Karibu lita 80 za maji lazima zipae kama mvuke. Kwa jiko la kawaida, kazi hiyo hula zaidi ya nusu ya mtungi wa gesi wa kilo 15. Ndiyo maana mjasiriamali mdogo anayeshindana na nyanya ya kopo ya nje huumia. Sosi ya nyanya na pilipili haihitaji kukaushwa kiasi hicho, na humlipa zaidi.

Kwenye sosi, makosa tunayoyaona ni yale yale. Nyanya yenye ukungu ikiingia, uchachu hupungua. pH, kipimo cha uchachu kinachopanda uchachu ukipungua, ikifika 4.6 au zaidi, bakteria hatari wanaweza kukua ndani ya chupa iliyofungwa. Tunalenga 4.2 au chini, kwa siki au asidi ya limau, na tunapima kila mpiko. Sufuria iwe ya chuma cha pua, kwa sababu asidi hula alumini. Sosi imiminwe ikiwa na nyuzi joto 85 au zaidi, kwenye chupa iliyopashwa moto, la sivyo kioo kinaweza kupasuka. Iachwe nafasi ya sentimita moja, ifungwe, kisha ipinduliwe dakika tatu ili joto lifike kwenye kifuniko. Anayemimina ikiwa vuguvugu ndiye anayerudishiwa chupa zilizovimba vifuniko dukani.

Changamoto yetu kubwa si ujuzi. Ni vifungashio na moto. Chupa ikinunuliwa rejareja inaweza kumeza faida yote, na kila mmoja anapika peke yake kwa gesi yake. Hivyo tunaomba jengo moja la pamoja lenye bwela dogo na masufuria ya mvuke, ambapo vikundi vitapangiana zamu. Tunaomba pia utuunganishe na SIDO, shirika la viwanda vidogo, tuagize chupa kwa wingi, na TBS, Shirika la Viwango, ili maombi yetu ya nembo ya ubora yakaguliwe papo hapo jengoni. Mashine ya kupima pH, Ndugu Mgeni Rasmi, tutanunua wenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.