Barua kwa mwanangu aingiapo shule ya grama

Belfast, Agosti 2025

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua utashangaa kuandikiwa barua na mtu unayeishi naye nyumba moja, lakini wiki utakayoanza shule mimi nitakuwa zamu ya usiku wodini, nawe utakuwa umekwishaondoka kabla sijarudi, na yapo mambo ambayo sipendi kuyasema kwa ujumbe wa simu huku nabadilisha dripu ya mgonjwa. Baba yako ameisoma barua hii na kuiridhia, isipokuwa sehemu ya mpira, ambayo anasema heri ningeiacha kwa sababu sina nijualo.

Nianze na mlango unaouingia. Shule yako ni shule ya grama, yaani sekondari inayopokea watoto kwa mtihani. Ni ya wavulana watupu, na ni ya Kanisa. Shule za namna hii katika Ayalandi ya Kaskazini zilianzishwa na majimbo ya Kanisa au na mashirika ya kitawa, na kwa muda mrefu kazi yake kubwa ilikuwa kuwaandaa vijana kwa upadri na kwa zile kazi chache za heshima ambazo Mkatoliki wa hapa aliweza kuzipata. St Malachy's, hapahapa Belfast, ilianzishwa mwaka 1833, na St Columb's ya Derry mwaka 1879. Aliyekuwa na ada alisoma, na asiyekuwa nayo alikwenda kiwandani au shambani. Kilichoigeuza hali hiyo ni sheria ya elimu ya mwaka 1947, iliyofanya elimu ya sekondari kuwa bure na kumfungulia mtoto wa maskini mlango wa shule ya grama, mradi afaulu mtihani akiwa na umri wa miaka 11.

Kwa mlango huo aliingia St Columb's kijana mmoja wa Derry aitwaye John Hume, mtoto wa kwanza kati ya saba, ambaye baba yake alikaa miaka mingi bila kazi. Baada yake, mwaka 1951, akaingia Seamus Heaney, mtoto wa kwanza kati ya tisa wa mfugaji wa ng'ombe, aliyetoka shamba lililokuwa mbali na mji hata ikambidi akae bwenini. Heaney alipata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1995, na Hume akapata ile ya amani mwaka 1998, pamoja na David Trimble wa upande wa pili, yaani wa Waprotestanti, baada ya mkataba uliomaliza miaka thelathini ya mauaji katika nchi hii. Shule moja ya wavulana, na tuzo mbili za Nobel! Utawasikia walimu wakiwataja wawili hao hadi uchoke, hata kama shule yako si ile, kwa kuwa kila shule ya Kikatoliki hapa huona fahari yao ni yake pia. Mimi nawataja kwa sababu nyingine. Bila sheria ya 1947 na bila nafasi ile, pengine tusingewasikia kabisa, na wala si kwamba kabla yao hapakuwa na watoto wenye akili kama zao.

Sasa mlango huohuo una upande wa pili, nao nataka uujue kabla hujaanza kujivunia nembo iliyo kifuani mwa koti lako. Rafiki yako, yule mliyekuwa chanda na pete tangu darasa la kwanza, anakwenda shule nyingine kwa sababu ya Jumamosi mbili za Novemba. Jumamosi mbili, hesabu na Kiingereza, na matokeo mwezi Januari, basi, njia zenu zimetengana. Wewe ulifanya kazi kwa bidii, hilo sitakunyang'anya. Nilikuona mezani ukitafuna kifuniko cha kalamu juu ya zile karatasi za mazoezi. Lakini karatasi zile tulizinunua, na mwalimu wa tuisheni tulimlipa, na nyumbani kulikuwa na meza na kimya, wakati mama yake rafiki yako anawalea wanne peke yake na hakuwa na fedha ya tuisheni. Katika shule za grama za hapa, watoto wanaopata chakula cha bure kwa ajili ya hali ya nyumbani ni wachache sana wakilinganishwa na wa shule nyingine. Ukiliona hilo huwezi kuamini kwamba mtihani ule unapima akili peke yake.

Wala si mimi peke yangu ninayelalamika. Serikali iliacha mtihani wake mwaka 2008, shule zikaja na mitihani yao wenyewe, nyingi za Kikatoliki zikitumia mmoja na nyingi za upande wa pili zikitumia mwingine, hata watoto wengine wakalazimika kufanya yote miwili, mpaka ulipoletwa mmoja wa pamoja mwaka 2023. Maaskofu Wakatoliki wenyewe wamesema kwa miaka mingi kwamba kuwachuja watoto katika umri huo hakufai, na baadhi ya shule za Kanisa zimeacha kufanya hivyo. Nyingine, yako ikiwemo, zinaendelea. Kwa hiyo siku mwalimu wa dini atakapowafundisha kwamba wa mwisho watakuwa wa kwanza, una haki ya kunyoosha mkono na kuuliza. Uliza kwa adabu.

Utaniuliza kwa nini basi tulikuandikisha. Tulikuandikisha kwa sababu tuna mtoto mmoja wa miaka 11 na nchi haitabadili sheria zake kwa ajili yake mwezi huu. Ninachokuomba ni kimoja: urafiki ule usife. Basi lako na lake yanapita kituo kimoja. Mkikutana pale, yeye na sare yake na wewe na yako, usinyamaze kwa kuwa wenzako wa shule mpya wanatazama, na usimsimulie kila wakati mambo ya shule yako kana kwamba yeye hana yake. Mwalike nyumbani kama zamani.

Kuhusu maisha yenyewe ya shule sina mengi, kwa kuwa utayaona. Koti tumelinunua kubwa makusudi, nalo litakutosha vizuri mwaka ujao. Utakuwa na walimu wengi badala ya mmoja, utahama chumba kila kipindi, na kazi za nyumbani zitatoka kwa kila somo bila mwalimu mmoja kujua mwenzake ametoa nini, kwa hiyo ziandike siku ileile katika daftari lako. Usianze sasa kuhesabu miaka iliyobaki hadi mitihani mikubwa ya sekondari, GCSE na A-level. Ipo mbali na itafika yenyewe. Soma vitabu visivyo vya mtihani. Hapo ndipo shule za namna hii zilipokuwa na nguvu kweli, palipokuwa na mwalimu aliyewasomea wavulana shairi kwa sauti kwa kuwa alilipenda, na ukibahatika kumpata mmoja wa aina hiyo, kaa viti vya mbele.

Mjomba wako, kama ujuavyo, alisoma seminari ndogo kule kwetu, akiamshwa na kengele alfajiri, sala, jembe, kisha Kilatini. Mwalimu Nyerere mwenyewe alifundisha shule ya wavulana ya Kikatoliki pale Pugu, aliporudi kutoka Edinburgh, kabla hajaacha ualimu mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Kwa hiyo hauingii mahali pageni kwa ukoo wetu. Tofauti ni kwamba wewe utalala nyumbani, nami nashukuru. Heaney akiwa bwenini alimpoteza mdogo wake wa miaka minne aliyegongwa na gari, akaitwa kutoka shuleni kwenda kumzika. Mtoto kupokea habari ya namna hiyo akiwa mbali na mama yake ni jambo ambalo sitalizoea hata nikilisoma mara ngapi.

Hapa lazima niandike jambo zito, nawe ulisome polepole. Shule nyingi za wavulana hapa zina asili yake kwa mabruda wa shirika lililoanzishwa na Edmund Rice, mfanyabiashara wa Waterford aliyefiwa na mke, ambaye mwaka 1802 aliacha biashara na kuanza kuwafundisha watoto maskini wa mitaani. Hiyo ni kazi njema, na Kanisa limemtangaza mwenyeheri. Lakini walimu wengi waliokuja baadaye, mabruda na walei, walifundisha kwa mkanda wa ngozi, na adhabu ya viboko katika shule za umma za Ayalandi ya Kaskazini haikupigwa marufuku mpaka mwaka 1987. Na yalikuwepo mabaya kuliko mkanda. Mwaka 2009 tume ya uchunguzi katika Jamhuri ya Ayalandi ilitoa ripoti ndefu juu ya watoto walioteswa na kunajisiwa katika taasisi zilizoendeshwa na watawa, na wakubwa walijua na wakanyamaza. Mimi ni Mkatoliki, nilibatizwa nikiwa mchanga, na nitazikwa Mkatoliki, na ndiyo sababu nakwambia: hakuna kanzu, cheo wala umri unaompa mtu haki ya kukugusa isivyo au kukutaka uweke siri usiyoweza kumwambia mama yako. Likitokea, njoo kwangu siku hiyohiyo, hata nikiwa usingizini mchana, niamshe. Nitakuamini kwanza, maswali baadaye.

Katika sala uwe huru. Kutakuwa na Misa ya kufungua mwaka, nawe utaona wenzako wakiwa wamefunga midomo wakati wa nyimbo. Misa za huku ni fupi na waimbaji ni wachache; sijui wanamwogopa nani. Wewe umekulia katika kwaya ya jumuiya yetu, kwa hiyo imba. Watageuka kukutazama mara ya kwanza, na mara ya tatu watakuwa wamezoea.

Kukaa na wavulana watupu kuna raha yake, maana kijana anaweza kupenda ushairi au kupiga zeze bila kuona anatazamwa na wasichana. Kuna na hatari yake, kwamba wavulana wakiwa peke yao huanza kuzungumza juu ya wasichana kama watu wasiokuwepo. Una dada. Ukisikia maneno ambayo usingependa ayasikie, usiyacheke.

Sasa mpira. Nimeambiwa kwamba katika shule za Kikatoliki mchezo ni soka la Kigaeli, wachezaji 15 kila upande, mpira huruhusiwa kushikwa kwa mikono, na goli lina nguzo ndefu kwenda juu, hata mpira ukipita juu ya mwamba bado ni pointi, ukiingia wavuni ni pointi tatu. Shule za upande wa pili hucheza raga. Ni ajabu kwamba hata mpira una dini, lakini ndivyo ilivyo hapa, na watoto wengi wa Kikatoliki na wa Kiprotestanti hufika chuo kikuu kabla hawajakaa darasa moja. Shule mseto zipo, ya kwanza, Lagan College, ilianza mwaka 1981, lakini bado ni chache. Cheza huo wa Kigaeli, maana ni njia ya haraka ya kujulikana jina. Na jirani yetu mzee, yule anayekwenda kanisa jingine na kutuletea nyanya zake, endelea kumwamkia.

Utakuwa miongoni mwa weusi wachache darasani, na sitakudanganya kwamba hilo halitatajwa. Uliona mwenyewe Agosti ya mwaka jana maduka ya wahamiaji yalipochomwa hapa Belfast, na uliona pia watu waliokuja asubuhi na mafagio. Kejeli ndogo jibu mwenyewe ukiweza. Inayorudiwa mpelekee mwalimu wa darasa, na mimi nitaiandikia shule. Barua zangu, kama unavyoona, huwa ndefu.

Limebaki suala la lugha utakayochagua kujifunza shuleni, ambalo fomu yake inatakiwa Ijumaa. Kihispania kina faida, sikatai. Lakini fikiri juu ya Kiayalandi. Ni lugha iliyotambuliwa rasmi kisheria hapa mwaka 2022 tu, baada ya mabishano ya miaka, na watoto wengi darasani watakuwa na bibi anayekijua kidogo na wazazi wasiokijua kabisa, kwa hiyo utaanzia mstari mmoja nao. Mtoto anayezungumza Kiswahili nyumbani na Kiingereza mtaani hashindwi na ya tatu. Hata hivyo uamuzi ni wako, na nitatia sahihi utakachochagua, mradi usiniambie umechagua Kifaransa kwa sababu kijana uliyekutana naye siku ya utambulisho amekichagua.

Mama yako