Kabla hujaondoka, kuhusu lile neno ulilomwandikia kaka yako

Mwanangu,

Kaka yako amenionyesha ujumbe wako. Yeye amekueleza kwamba tangu ndoa yake ivunjike hapati usingizi, wewe ukamjibu "Get over it", na emoji ya kucheka juu yake. Sijui kama ulielewa ulichomwambia. Mtu anayekwenda kuuguza watu kwa Kiingereza inampasa aelewe.

Maneno yenyewe hayana ubaya, ubaya ni kuyafanya amri. Mgonjwa akisema "I'm getting over the flu", anakuambia homa ya mafua inamwachia, ila hajawa sawasawa bado. Akisema "I got over it", imekwisha. Hata kwenye huzuni yanatumika: "She never got over her husband's death", yaani msiba wa mumewe haujamtoka moyoni mpaka leo. Hapo mtu anajisemea mwenyewe, au anasemewa kwa huruma. Lakini ukimtazama usoni ukamwambia "Get over it!", umemwambia anadeka, anyamaze. Usimwambie mgonjwa hivyo. Wala ndugu wa mgonjwa aliyekaa kwenye benchi nje ya wodi. Ukitaka kumpa mtu ugua pole kuna "Get well soon", haijawahi kumuudhi mtu.

Na Kiswahili chetu kitakuponza, maana kupona kwetu kunabeba mengi: mtu kapona mafua, kapona kidonda, kapona ajali. Ukisema "He got over the accident", watakuelewa kwamba maumivu na mshtuko wa ajali vimemwisha. Kama ulitaka kusema alitoka hai, sema "survived". Aliyekuwa mahututi, watu wameshakata tamaa, kisha akavuka, huyo "pulled through". Usilipeleke hilo kwenye mafua ya siku mbili, watakucheka. Aliyezinduka baada ya nusu kaputi "came round". Kwenye faili andika "recovered" tu, faili halitaki maneno ya maongezi.

Angalia pia "it" inakaa wapi. Mtu akiona sindano akasema "Let's get it over with", hazungumzii kupona hata kidogo, anataka umchome haraka yaishe. Na wazee watakuambia "I can't get over how young you look." Hao wanashangaa ulivyo kijana, na kwa hiyo sura yako ya kitoto utaisikia sana. Usikimbilie kuwapima joto.

Usidhani nakudharau. Ulivyofaulu ule mtihani wa lugha nilimwambia kila aliyenisimamisha njiani, na wengine sikungoja wanisimamishe. Ila mtihani hauulizi mtu aliyefiwa anaambiwaje. Wewe una haraka ya ulimi, tangu zamani, na baba yako anasema umeirithi, hataji kwa nani. Mgonjwa hawezi kuinuka akakuondokea kama sisi tunavyokuondokea hapa nyumbani. Kwa hiyo narudia: lile neno usimwambie mtu. Likikutoka kwa bahati mbaya, omba radhi hapo hapo, usianze kueleza ulimaanisha nini.

Cheti cha chanjo nimekitia kwenye bahasha ya kaki pamoja na nakala za vyeti vya shule. Usikichanganye na nguo, kibebe mkononi. Mashuka yako mawili nimeyafua, moja limechanika pembeni, nitalishona kesho. Miwani ya akiba usiisahau tena.

Sanduku lako zipu imekufa kabisa, baba yako amehangaika nayo akashindwa. Lililobaki zima ni la kaka yako. Mimi sitakuombea. Mpigie simu mwenyewe, usimwandikie ujumbe, na usianze na habari za sanduku.

Mama yako