Oda za jioni, na betri zilizovimba

Assalaam aleikum, kina mama na kina baba. Tangu tuanze kupokea oda za mahamri na mbaazi kwa simu kabla ya isha, ndoo ya mabaki pale Kongowea, Mombasa, inarudi nyepesi. Jana sufuria langu lilibaki mbaazi za kijiko kimoja tu, nikafurahi mno. Tuendelee hivyo, na mteja aje na bakuli lake. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku hapa Kenya tangu Agosti 2017.

Linaloniuma ni betri za simu kuchomwa jaani. Betri hizi zina lithiamu, hulipuka zikichomwa, na moshi wake ni sumu, nao watoto wanacheza papo hapo. Tafadhalini, nileteeni Jumamosi asubuhi. Nimeweka ndoo ya mchanga mkavu. Msizitoboe wala kuzikunja.