Mhandisi, uliza hesabu ya hisa kabla ya kukubali mshahara mdogo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwaeleze wahandisi vijana wa programu, hasa wanaoajiriwa na kampuni changa za hapa Nairobi, jambo ambalo mimi sikuelezwa na mtu. Barua ya kazi inayoahidi mshahara mdogo pamoja na hisa, mara nyingi haikupi hisa zenyewe. Inakupa haki ya kuzinunua baadaye kwa bei iliyowekwa leo, na haki hiyo hukomaa kidogo kidogo, kwa kawaida kwa muda wa miaka 4, ambapo anayeondoka kabla ya kutimiza mwaka mmoja hapati chochote.

Mwaka 2019 nilikubali mshahara uliopungua kwa shilingi 80,000 kwa mwezi ili nipewe haki ya kununua hisa 10,000 kwa dola 1 kila moja. Nilifanya kazi pale miaka 3, kwa hiyo nilijinyima shilingi 2,880,000 kabla ya kodi. Nilipoacha kazi, haki ya hisa 7,500 ilikuwa imekomaa, lakini mkataba ulinipa siku 90 tu za kutafuta dola 7,500 na kulipia hisa zisizo na soko, ambazo nisingeweza kumuuzia mtu mwingine bila idhini ya kampuni. Fedha hizo sikuwa nazo. Siku zikapita na haki ikafutika. Sisemi nilidhulumiwa, kwa maana yote yalikuwa yameandikwa. Naumia kwa sababu maswali ambayo yangeniokoa ni machache na ya hesabu ya kawaida.

La kwanza ni jumla ya hisa za kampuni. Hisa 10,000 kati ya milioni 1 ni asilimia 1, lakini kati ya milioni 100 ni asilimia 0.01, na hata sehemu hiyo huzidi kupungua kila kampuni inapotoa hisa mpya kwa wawekezaji wapya. Mwajiri anayekutajia idadi ya hisa zako na kukataa kutaja jumla hajakuambia kitu.

Swali zito zaidi, na ambalo huulizwa na wachache sana, ni nani analipwa kwanza kampuni ikiuzwa. Wawekezaji wakubwa kwa kawaida hushika hisa za upendeleo, zinazowaruhusu kurudishiwa fedha zao kabla ya wenye hisa za kawaida, nasi wafanyakazi tumo katika kundi hilo la mwisho. Chukua kampuni yenye hisa milioni 10, nusu za wawekezaji walioweka dola milioni 15, na nusu za kawaida. Ikiuzwa kwa dola milioni 20, mhandisi atagawanya na kudhani kila hisa ina thamani ya dola 2. Sivyo. Wawekezaji watachukua milioni 15 zao, zitabaki milioni 5 kwa hisa milioni 5, yaani dola 1 kwa kila hisa. Aliyepewa haki ya kununua kwa dola 1 hapati faida yoyote, ingawa habari za mauzo hayo zimepokewa kwa shangwe.

Mshahara, kwa upande wake, una ulinzi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka ulipwe kwa fedha za Kenya, na kampuni inapofilisika malimbikizo ya mshahara, hadi kiwango kilichowekwa na sheria, hutangulia madeni ya kawaida, ilhali wenye hisa huwa wa mwisho kabisa. Copia, kampuni ya Kenya ya biashara ya mtandaoni, ilikuwa imekusanya zaidi ya dola milioni 100 kutoka kwa wawekezaji, na bado Mei 2024 iliwekwa chini ya wasimamizi.

Nawaomba pia wabunge watazame upya nafuu ya kodi iliyoletwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2023. Nafuu hiyo ilimwezesha mfanyakazi anayepewa hisa badala ya fedha taslimu kuahirisha kodi kwa hadi miaka 5, lakini ilihitaji kampuni iwe imesajiliwa Kenya na mauzo yake ya mwaka yasizidi shilingi milioni 100. Kampuni nyingi zinazotuajiri zina kampuni mama iliyosajiliwa Delaware, Marekani, kwa matakwa ya wawekezaji, na hisa tunazoahidiwa ni za huko. Mhandisi anayefanya kazi Kilimani, hapa Nairobi, na kukatwa kodi ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) kila mwezi hakustahili kuachwa nje kwa sababu ya mahali mwajiri wake alipochagua kujisajili.

Mhandisi wa programu,
Nairobi