RISALA YA WAGONJWA WA KINGA YA MWILI INAYOJISHAMBULIA KWA MGENI RASMI

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Awali ya yote tunamshukuru Mungu kwa kutukutanisha, na wewe kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kuketi nasi. Ukiniona nasoma huku chupa ya maji iko mkononi, uniwie radhi. Nina ugonjwa wa Sjögren. Mate yamekauka, na ulimi hunata kwenye kaakaa kabla aya haijaisha.

Kikundi chetu kilianzia kwenye benchi la kumsubiri daktari. Tulikuwa saba, leo tumevuka hapo kwa mbali. Mafanikio ni mengi: tuna mwenyekiti, tuna mhuri, na tumebandika bango kubwa kwenye mlango wa kliniki ya meno. Wanachama wote sasa wanajua kwamba mdomo usio na mate huoza meno upesi, hasa pale jino linapokutana na fizi, hivyo floraidi si anasa. Historia tuiishie hapo.

Mheshimiwa, magonjwa yetu yana majina mengi na asili moja: askari wa mwili wamegeuka kuwapiga wenye nyumba. Lupasi humchora mtu wekundu wa umbo la kipepeo mashavuni na juu ya pua, na humtia vidonda kwenye kaakaa ambavyo mara nyingi haviumi, kwa hiyo hata mwenyewe hajui anavyo. Skleroderma hukaza ngozi ya uso mpaka mdomo unakuwa mdogo. Mwenzetu aliyeketi safu ya pili hutumia mswaki wa mtoto, na akiambiwa "panua" hubaki kucheka kwa macho tu.

Lakini ombi letu ni moja, nalo linahusu pemfigasi, ugonjwa wa malengelenge ya mdomoni na ya ngozi. Ugonjwa huu huweza kuanzia mdomoni miezi kadhaa kabla ya kufika kwenye ngozi. Malengelenge yake hupasuka mapema, daktari akakuta michubuko tu. Mwanachama wetu mmoja alitibiwa fangasi, kisha akaambiwa hapigi mswaki vizuri, ilhali kila akipiga fizi zinachubuka. Hatimaye alipokatwa kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama ya mdomo cha kupimwa, chote kilitumbukizwa kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia. Formalini inafaa kwa hadubini ya kawaida, lakini huharibu kile kipimo cha mng'ao kinachoonyesha kingamwili zilizonasa kati ya seli. Kinyama cha kipimo hicho hukatwa pembeni ya kidonda, si katikati palipochubuka, na huwekwa kwenye maji yake maalumu au hugandishwa haraka. Basi akakatwa mara ya pili, mdomo ule ule.

Kabla ya dawa za steroidi kuanza kutumika miaka ya 1950, pemfigasi iliwaua wengi wa walioipata. Leo dawa zipo. Kinachotuchelewesha ni kulijua jina la ugonjwa.

Tunaomba kipimo hicho kifanyike hapa hapa. Na kama hadubini yake na mtaalamu wake ni mzigo mkubwa kwa sasa, tuanze na chupa za yale maji ya kuhifadhia na utaratibu wa kupeleka vinyama kwenye maabara yenye uwezo. Chupa, Mheshimiwa. Hatujaomba jengo.

Kwa heshima zote, ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa kwanza alisema amelipokea. Wa pili alisema analichukua kwa uzito wake, na mpaka leo hatujui uzito ule aliutua wapi. Tuliwapigia makofi wote wawili, na picha za pamoja tunazo.

Wewe tunakuamini. Ndiyo maana katibu amekaa kulia kwako na daftari likiwa wazi. Utakaposimama kutujibu, tunaomba umtajie mambo mawili: tarehe, na jina la mtu wa kumfuata ofisini. Makofi yatakuja baada ya hapo.

Tunaomba kuwasilisha.