Krismasi ya nyumbani ipangwe kwa saa ya mtoto

Mhariri, salamu. Naomba nafasi niseme jambo ambalo kila Desemba nalimeza tu kwa heshima, maana wa kuambiwa ni mashangazi, mababa wakubwa na mashemeji ambao nawapenda kweli.

Hivi Krismasi ya nyumbani tunamfanyia nani? Kila mtu atakujibu ni ya watoto bwana, halafu angalia ratiba yenyewe. Mtoto wa miaka miwili kakeshea ibada ya usiku, asubuhi kaamshwa mapema kavalishwa nguo mpya zinamuwasha, nyumba imejaa watu hawajui, mziki uko juu, kila mtu anataka kumbeba apige naye picha, na ule muda wake wa kulala mchana ndo chakula kinapakuliwa. Ikifika saa kumi analia anajigaragaza chini, hapo sasa utasikia "huyu mmemdekeza". Hajadekezwa jamani, ana usingizi! Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka 1 hadi 2 alale masaa 11 hadi 14 kwa siku, wa miaka 3 na 4 masaa 10 hadi 13, pamoja na ule wa mchana. Piga hesabu wa kwenu siku hiyo kapata mangapi.

Mimi nasema chumba kimoja kiachwe, hakuna mabegi ya wageni wala makoti, na saa yake ikifika mtoto anaenda kulala hata kama mjomba ndo kwanza anaingia mlangoni. Mjomba atasubiri, ni mtu mzima.

Kusalimia sina ubishi nako, watoto wasalimie. Ila kumvuta mtoto kwa nguvu akumbatie mtu wa kumi na tano huku analia, hapana. Mpe nusu saa akuzoee, wengi wanakuja wenyewe na baadae kumtoa mapajani ndo kazi.

Halafu zawadi. Hapa niwe mkali kidogo. Zile betri ndogo bapa za duara kama za saa ya mkononi siku hizi ziko kwenye midoli inayoimba, kadi zenye mziki, vitaa vya mapambo, kila mahali. Mtoto akiimeza ikakwama kooni inaweza kumuunguza vibaya ndani ya masaa mawili tu, kwahiyo ukihisi kameza kimbia hospitali palepale usisubiri uone dalili. Kabla hujampa mtoto kitu angalia kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu. Na binamu mkubwa akiletewa mchezo wa vipande vidogo vidogo achezee mezani, maana mdogo wake anatambaa hapohapo chini na anachookota kinaenda mdomoni.

Kingine, nani katulazimisha ukoo mzima ukutane tarehe 25? Kwa desturi ya zamani ya kanisa Krismasi ni siku 12, inaenda mpaka Epifania, sikukuu ya mamajusi kumtembelea mtoto Yesu, tarehe 6 Januari, na wenzetu Waorthodoksi wa Ethiopia na Urusi wanaisherehekea tarehe 7 Januari. Kwahiyo upande wa baba waje 25, upande wa mama waje 27, hakuna dhambi hapo. Najua wapo watakaonuna mwaka wa kwanza.

Na babu akiwepo, runinga izimwe awasimulie wajukuu habari ya kuzaliwa Yesu. Mtakatifu Fransisko wa Asizi mwaka 1223 pale Greccio, Italia, aliweka hori lenye nyasi, ng'ombe na punda ili watu waione ile habari kwa macho. Na sisi tuigize hivyo, watoto wakubwa wawe wachungaji, wadogo wawe kondoo (hao kutulia hawawezi hata hivyo), dakika kumi imeisha na hakuna aliyetumia hela.

Mhariri nakuomba itoke kabla ya tarehe 24, ikitoka 26 wageni wangu watajua nimewasema wao.

Mama wa wawili